Siku 21 za yai, siku 30 za mkopo

Leo tunaongea na watu wa Kisii na Nyamira, ingawa hata wa kwingine wanaofuga kuku watajiona humu.

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, tupigie haraka na tutajaribu kuizuia kabla haijatolewa. Lakini ukituma pesa ya vifaranga ambao bado wako ndani ya yai, halafu stima ipotee na mayai yaharibike, hatuna cha kukurudishia. Hiyo pesa ilifika kwa mtu uliyemkusudia, kwa jina uliloliona kwenye simu, kwa PIN uliyoibonyeza wewe mwenyewe. Kurudisha pesa iliyopotea njia ni kazi yetu. Kuamua nani amemkosea nani kwenye biashara ya kuku hatuwezi.

Tulilazimika kumwambia hivyo mama mmoja wa karibu na Keroka, mji ule ambao upande wake mmoja ni Kisii na mwingine ni Nyamira. Alikuwa ametuma shilingi 1,500, nusu ya bei ya vifaranga 30. Mwenye mashine alimwambia aje Jumamosi. Jumamosi alienda na sanduku lake la karatasi, akakuta mayai yamelala kimya. Siku ya 17 radi ilipiga, transfoma ikaungua, na kijiji kikakaa gizani siku nne. Mama alitaka tumrudishie pesa yake kutoka kwa simu ya yule jamaa. Tulimweleza kwamba hatuwezi kuingia kwenye akaunti ya mtu na kutoa pesa kwa sababu kuku hawakuanguliwa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Sasa nyinyi mnafanya kazi gani?"

Ni swali la haki. Tumekaa nalo, na makala hii ni sehemu ya jibu.

Siku mbili baadaye mwenye mashine naye akapiga. Hakuwa mwizi. Alikuwa amepokea arubuni, yaani pesa ya kushikilia oda, kutoka kwa watu watano, kila mmoja 1,500, jumla 7,500. Kati ya hizo alinunua mayai 264 kwa shilingi 20 kila moja, ikawa 5,280. Zilizobaki, 2,220, zilienda shuleni. Na mashine yenyewe? Ilinunuliwa kwa mkopo wa simu ambao ulikuwa umebakiza siku chache ufike mwisho. Kwa hiyo alikuwa na wateja watano wanaomtukana, mkopeshaji anayemtumia meseji asubuhi na jioni, na mayai 264 ya kuzika nyuma ya nyumba. Aliuliza kama tunaweza kumwongezea mkopo mwingine.

Maoni yetu ni haya, na tunajua si wote watakaoyapenda. Inkubeta, ile mashine ya kuangulia mayai, ni kitu kizuri. Lakini usiinunue kwa mkopo wa simu, na usipokee arubuni ya kifaranga kabla hujamulika mayai. Tunayasema haya tukiwa kampuni inayopata ada kila pesa inapotembea. Mkikopa na kutumiana zaidi, sisi hatupati hasara. Ndiyo maana tunaona afadhali tuseme sisi.

Kalenda ya yai na kalenda ya deni

Yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Si siku ya 15 kwa sababu una shida, wala halitasubiri siku ya 25 kwa sababu mteja amesafiri. Mikopo mingi ya simu nayo hulipwa ndani ya siku 30. Ukizitazama hizo namba mbili haraka, unaona zimebaki siku tisa za kuuza na kulipa, na moyo unatulia. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika.

Wacha tupige hesabu pamoja. Bei tutakazotumia ni za mfano tu, wewe weka za soko lako. Tuseme mashine ya mayai 60 ni shilingi 14,000, na umekopa hizo zote kwa ada ya asilimia 8. Unadaiwa 15,120. Umenunua mayai 60 yenye mbegu kwa 20 kila moja, 1,200. Tokeni za stima, 400. Chanjo, sanduku na boda, 300. Jumla umetumia 1,900.

Sasa usitarajie vifaranga 60. Mayai mengine hayana mbegu, mengine mtoto hufa katikati, wengine hutoboa ganda na kuchokea hapo hapo. Mtu anayejifunza akipata 36 kati ya 60 anashukuru. Ukiwauza kwa 100 kila mmoja, umepata 3,600. Toa 1,900. Umebaki na 1,700.

Deni ni 15,120 na mkononi una 1,700. Siku tisa zako zimekwisha.

Ili mashine hiyo ijilipe kwa faida ya 1,700 kila mara, unahitaji mizunguko tisa. Kila mzunguko, ukihesabu siku za kusafisha mashine na kutafuta mayai mengine, ni kama siku 24. Hizo ni siku 216, zaidi ya miezi saba, na hapo stima haijapotea hata mara moja, na hujala hata shilingi. Mkopo wa mwezi mmoja hauwezi kubeba kitu cha miezi saba. Anayejaribu huishia kukopa huku kulipa kule, na mwisho jina lake linapelekwa CRB kwa sababu ya mayai.

Kuna mtu atasema, basi nitakopa kwa mkopeshaji mwingine mwenye masharti nafuu. Sawa, lakini kwanza hakikisha ana leseni. Benki Kuu ya Kenya ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali mwaka 2022 na huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Asiyekuwemo mwache. Aliyemo pia, muulize siku ngapi. Kwa biashara hii, siku ni muhimu kuliko riba.

Lipa kwa yai kwanza

Sasa sikia jambo ambalo wauza mashine hawapendi kulitaja. Kwa mji mwingi wenye wafugaji, kuna mtu tayari ana inkubeta yenye nafasi. Unampelekea mayai yako, anakuangulia, unamlipa kwa kila yai. Tuseme anataka shilingi 15 kwa yai. Mayai 60 ni 900. Ongeza mayai yenyewe 1,200 na chanjo, sanduku na boda 300. Umetumia 2,400. Vifaranga wale wale 36 wamekupa 3,600. Umebaki na 1,200.

Linganisha: na mashine yako 1,700, na mashine ya jirani 1,200. Ile mashine ya shilingi 14,000 imekuongezea 500 kwa mzunguko. Mia tano! Na kwa hiyo mia tano umebeba wewe hofu yote ya stima, ya joto, ya kuamka saa nane usiku.

Hatusemi usiwe na mashine milele. Tunasema lipa kwa yai mizunguko mitatu au minne kwanza. Ndani ya muda huo utajifunza kitu ambacho mashine haifundishi, yaani kuchagua mayai. Wengi wanaolaumu inkubeta wangepaswa kulaumu trei. Mayai ya kuku wa kutaga wa biashara, wale wasiokaa na jogoo, hayaangui hata ukiyaombea. Mayai ya sokoni hujui yametagwa lini. Yai la kuangua liwe halijapita siku saba, lihifadhiwe mahali pa baridi kiasi, ncha nyembamba ikiangalia chini, lisioshwe, na lisiwe na ufa wala umbo la ajabu. Jogoo mmoja atosheleze matetea kama kumi, si thelathini. Kama mayai yamekuja kwa boda kwenye barabara zetu za milima, yaache yapumzike nusu siku au siku nzima kabla ya kuyaweka ndani. Anayetaka mbegu iliyoboreshwa anaweza kuuliza KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, ambayo kituo chake cha Naivasha kimekuwa kikiuza kienyeji walioboreshwa.

Na tusimsahau mama kuku mwenyewe. Tetea wa kienyeji huatamia mayai kumi hadi kumi na tano bila tokeni, bila themostati, na akimaliza analea. Kuna ujanja wa zamani ambao maafisa wa mifugo bado huufundisha. Ukiwa na matetea wanne walio tayari kuatamia, waanzishe siku moja. Anayetangulia mpe mayai ya bandia mpaka wenzake wafike, halafu wawekee wote mayai halisi usiku mmoja. Siku ya 21 una vifaranga thelathini au arobaini wa umri mmoja, na hakuna mtu unayemdai wala anayekudai. Wengine hucheka wakisikia hivyo, wakisema ni mambo ya nyanya. Sisi tunaona nyanya hakuwahi kupelekwa CRB.

Radi haisomi mkataba

Ukishaamua kuwa na mashine, jua unaishi wapi. Milima ya Gusii hupata mvua nyingi, na mvua yetu ya mchana huja na radi. Stima kupotea si ajali huku. Ni sehemu ya hali ya hewa. Mtu anayepanga biashara ya siku 21 bila kupanga giza hajapanga.

Ndani ya mashine yenye feni, joto linatakiwa nyuzi 37.5. Unyevu uwe kama asilimia 50 hadi 60 kwa siku 18 za kwanza, halafu uongezwe hadi karibu 70 siku tatu za mwisho ili ganda na utando wake visikauke kifaranga akakwama. Mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku, na kuanzia siku ya 18 yasiguswe tena. Mashine iwe chumba ambacho joto lake halirukiruki. Nyumba ya mabati ni tanuri saa nane mchana na friji saa kumi usiku, na mashine ya bei nafuu huchoka kukimbizana nayo. Isikae dirishani, isikae karibu na moshi wa jiko.

Stima ikipotea, jambo la kwanza ni kutofungua mlango kuchungulia. Watu huchungulia kila dakika kumi, na kila wakichungulia wanatoa joto. Funika mashine kwa blanketi ila acha matundu ya hewa wazi. Giza likizidi, zungushia chupa za maji moto, moto wa kuvumilika mkononi. Usipaniki ukaweka jiko la makaa chumbani: utawaua vifaranga, na moshi wake unaweza kukuua wewe. Mtoto aliye ndani ya yai huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko kupikwa. Joto likipita nyuzi 40 hasara huja haraka. Siku za mwisho ni hatari kwa namna nyingine: mayai yenyewe hutoa joto na yanahitaji hewa nyingi, kwa hiyo usiyafunge kama mzigo wa posta.

Kuna giza lingine ambalo halitoki kwa radi. Ni tokeni kuisha saa tisa usiku mwenye nyumba amelala. Hili tunaliona sisi kwenye rekodi za simu yako: umenunua tokeni za hamsini, halafu hamsini, halafu mia. Kwa mashine ya mayai, nunua tokeni za siku zote 21 kabla hujaweka yai la kwanza. Kama huna pesa ya tokeni za siku 21, huna pesa ya mayai 60. Weka 30.

Arubuni si pesa yako

Turudi kwa yule mama wa Keroka na yule mwenye mashine, kwa sababu hapa ndipo tulipo na maoni makali zaidi.

Pesa ikiingia kwenye simu yako, simu husema umepokea. Haisemi ni ya nani. Salio linaongezeka, na salio halina kumbukumbu. Shilingi 1,500 ya arubuni inakaa kando ya shilingi 300 ya maziwa na 800 aliyotuma dada kutoka Nairobi, na jioni zote zinafanana. Mwenye mashine hakukusudia kuila pesa ya watu. Aliitumia tu, kama sote tunavyotumia kilichopo.

Tunaona arubuni ni deni mpaka kifaranga asimame kwenye sanduku la mteja. Sasa, deni hilo lichukuliwe lini? Wengi huchukua siku ya kwanza, tena wengine kabla hata ya kununua mayai, ili mteja ndiye anunue mayai. Huko ni kumfanya mteja mbia wa hasara bila kumwambia.

Subiri siku ya 7. Siku hiyo, usiku, zima taa, shika kila yai mbele ya tochi yenye mwanga mkali. Lenye uhai utaona mishipa myembamba imetapakaa kama miguu ya buibui, na doa jeusi katikati. Lisilo na kitu litang'aa tupu. Lenye duara la damu lilianza likafa. Toa yote mabaya, hesabu yaliyobaki. Hapo sasa una namba ya kweli. Yakibaki mayai 50 yenye uhai, pokea oda za vifaranga 30, si 50. Siku ya 14 mulika tena. Kama kuna mabaya yameongezeka, piga simu kwa wateja hiyo hiyo jioni. Mteja anayeambiwa mapema siku ya 14 hukasirika kidogo. Anayeambiwa mlangoni siku ya 21 hakusahau.

Na pesa yenyewe iondoe kwenye salio la matumizi. Tuna sehemu ya akiba kwenye simu, na kampuni nyingine nazo zinazo. Ipeleke huko siku hiyo hiyo uliyoipokea, uipe jina la mteja ikiwezekana. Haihitaji kukua. Inahitaji tu isionekane unapolipa nyanya sokoni.

Kwa upande wa mnunuzi, kuna kitu kidogo ambacho kingemsaidia sana yule mama. Meseji ya pesa ni ushahidi kwamba pesa imefika, ikiwa na jina, kiasi, saa na namba ya muamala. Haionyeshi mlikubaliana nini. Kwa hiyo, kabla ya kutuma, mwambie mwenye mashine akuandikie meseji ya kawaida, maneno machache tu: "Nimekubali oda ya vifaranga 30, bei 3,000, arubuni 1,500, kuchukua Jumamosi, wakikosekana narudisha ndani ya siku saba." Asiyetaka kuandika hivyo amekujibu tayari. Hiyo meseji ihifadhi. Ikifika kwa mzee wa mtaa au kwa chifu, mnaongea juu ya kitu kilichoandikwa. Bila hiyo, mtakuwa mnaongea juu ya nani ana sauti kubwa.

Salio la malipo lilipwe mkihesabu vifaranga pamoja, ana kwa ana, ukiona wanasimama na macho yamefunguka na kitovu kimefunga. Kisha ndipo PIN. Na mnunuzi usitarajie wote wawe matembe wa kutaga. Karibu nusu huwa majogoo, hakuna mashine inayobadilisha hilo. Muulize muuzaji pia kuhusu chanjo. Kifaranga asiyechanjwa dhidi ya Newcastle wiki ya kwanza na Gumboro wiki zinazofuata anaweza kufa na wenzake wote, halafu ukaja kumlaumu mwenye inkubeta kwa kosa la bruda yako.

Mwenye mashine anayeuza kwa watu wengi, omba tili ya biashara, ile namba ya kulipia ya duka. Itatenganisha pesa ya kuku na pesa ya nyumbani, na mteja ataona jina la biashara kabla ya kulipa. Pia pita ofisi ya mifugo ya kaunti uulize kuhusu leseni, kwa sababu kuangulia wateja si sawa na kuangulia jikoni kwako.

Mashine ya picha

Tumepata pia malalamiko ya watu waliolipia inkubeta ambazo hazikufika. Hadithi ni ile ile: picha nzuri mtandaoni, bei ya chini kuliko ya wengine wote, duka "liko Nairobi", pesa ya mashine kwanza, halafu pesa ya usafirishaji, halafu pesa ya bima, halafu simu inazimwa. Jina lililotokea kwenye simu halikufanana na jina la duka, na mteja aliliona kabisa, akabonyeza PIN kwa sababu alikuwa ameshapenda.

Jina likikataa kufanana, acha. Mashine ya kuangua si dawa ya mgonjwa, inaweza kusubiri kesho. Nunua kwa fundi unayeweza kumfikia, iwe Kisii mjini, Nyamira au Suneka, na umwombe aiwashe mbele yako ikiwa tupu. Uende ukanywe chai, urudi, uone kama joto bado liko pale pale. Kama inakuja kwa gari la mizigo, lipa ukiishika.

Na wanaokuahidi kwamba watanunua vifaranga wako wote kwa bei ya juu ukinunua mashine kwao, wakumbushe kware. Mwaka 2013 nchi nzima ilishikwa na wazimu wa kware. Watu walitafuta leseni za KWS, walinunua mashine, mayai yakauzwa kama dawa ya kila ugonjwa. Kufikia 2014 bei ilikuwa imeanguka, na wengi walibaki na ndege wasio na mnunuzi. Waliopata pesa nzuri walikuwa wauza mbegu na wauza mashine. Kuku wa kienyeji ana soko la kweli huku kwetu, hilo hatubishi. Lakini soko la kweli halihitaji mtu akuahidi.

Basi pesa ya mashine itoke wapi?

Kwa familia zinazopeleka majani Nyansiongo, Kebirigo, Nyamache, Ogembo na viwanda vingine vya chai, jibu letu ni bonasi. Hulipwa mara moja kwa mwaka, kwa kawaida kuelekea Oktoba, na haina mtu anayeidai siku ya 30. Chukua sehemu yake, sehemu tu, karo ikishatengwa. Asiyekuwa na chai ana chama, ana ndizi, ana ile akiba ya kidogo kidogo ya kila wiki kwenye simu. Ukiweka 350 kila wiki, wiki 40 ni 14,000. Wiki hizo 40 ndizo unalipa jirani kwa yai na kujifunza kumulika.

Na hesabu inakubaliana na Krismasi pia. Desemba watu wanarudi nyumbani, na kila boma linatafuta jogoo. Jogoo wa kienyeji aliyeboreshwa anahitaji miezi kama minne au mitano kufikia sufuria, kwa hiyo wanunuzi wa vifaranga wa Krismasi huwatafuta Julai na mwanzo wa Agosti. Mashine ya bonasi ya Oktoba ina miezi minane ya kufanya makosa madogo madogo na mayai 30, 30, kabla ya msimu mkubwa. Mashine ya mkopo wa Juni ina mzunguko mmoja tu, na huo mmoja lazima ufaulu.

Yule mwenye mashine wa Keroka hakuongezewa mkopo. Tulimsaidia kupanga malipo ya deni kidogo kidogo, na wale wateja watano aliwarudishia mmoja mmoja, wa mwisho baada ya bonasi ya mke wake. Mama wa sanduku la karatasi alikuwa wa pili kulipwa. Bado anaangua. Mfanyakazi wetu anayeongea Ekegusii alimpigia hivi karibuni kumjulia hali, akamsalimu bwakire buya, kisha kwa utani akamuuliza kama anaweza kumtumia arubuni ya vifaranga ishirini.

"Nimeweka mayai juzi," alisema. "Bado sijamulika. Kaa na pesa yako mpaka Jumanne."